Mgongo wa Hamali na Meno ya Chuma

Msomaji, gunia la kahawa lina uzito wa kilo 60. Mtu mzima aliyeizoea kazi aweza kulipokea begani, akapanda nalo ubao ulioegemezwa kwenye behewa, akalitua mahali alipoonyeshwa, kisha akarudi kulifuata la pili. Kazi hiyo si ngeni kwako. Hata kama hujafika Kilindini, umewaona mahamali sokoni kwenu, na pengine umewapisha njiani walipokuja wakilia, "Simile! Simile!" Lakini sijui kama umewahi kuifanyia hesabu. Shehena ya tani 1,000 si kubwa kwa meli. Ikiwa ni kahawa iliyotiwa magunia, basi ni magunia zaidi ya 16,000. Na kila gunia, kabla halijaingia tumboni mwa meli, lilipaswa kuinuliwa na kutuliwa mara nyingi: kutoka gari hadi ghala, kutoka ghala hadi behewa, kutoka behewa hadi banda la bandari, na kutoka banda hadi gatini. Zidisha mwenyewe, nawe utapata idadi ya safari zilizotembewa na migongo ya watu kwa ajili ya meli moja tu.

Gari lililoirithi kazi hiyo, ama sehemu kubwa ya kazi hiyo, huitwa foklifti. Ni gari fupi na zito, lenye mlingoti wa chuma mbele na meno mawili marefu yanayopanda na kushuka juu ya mlingoti huo. Wengi hudhani ni gari la aina moja. Sivyo. Aina zake ni nyingi, na kila aina ilizaliwa na dhiki yake: hii ililetwa na uhaba wa watu, ile na uhaba wa nafasi, nyingine na ubaya wa moshi katika nyumba iliyofungwa. Ukiijua dhiki iliyoizaa mashine, huna haja ya kulikariri umbo lake, utalikisia mwenyewe.

Huenda ukauliza, kwa nini gari hili lilichelewa sana kuja duniani? Gurudumu ni la kale, na wenzo ni wa kale. Kanuni ya kuinua kitu kizito kwa nguvu ya kimiminiko kilichofungiwa ndani ya bomba ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Vyote vilivyohitajiwa, isipokuwa injini na betri, vilikuwapo kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba mwenye ghala hakuwa na haja. Langoni pake kila asubuhi walisimama watu wengi kuliko kazi aliyonayo, na ujira wao ulikuwa mdogo. Mtu hanunui mashine ya bei kubwa kufanya kazi ambayo jirani yake mwenye njaa ataifanya kwa senti chache. Mashine huingia pale mgongo wa mtu unapoanza kuadimika au kuwa ghali.

Dalili za kwanza zilionekana Marekani. Mwaka 1906 kampuni ya reli ya Pennsylvania ilianza kutumia katika stesheni yake ya Altoona magari madogo ya betri ya kuchukulia mizigo ya abiria. Magari yale hayakuinua kitu. Yalikuwa vitoroli vinavyojiendesha, basi. Kisha vikaja Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Vijana walitwaliwa kwenda vitani, viwanda vikabaki na kazi maradufu na watu nusu. Katika Uingereza, kampuni ya Ransomes, Sims & Jefferies ya mji wa Ipswich, iliyojulikana kwa majembe ya plau, ilitengeneza magari ya namna hiyo. Katika mji wa Buchanan, jimbo la Michigan, kampuni ya Clark ilijitengenezea mwaka 1917 gari la kuhamisha vyuma na mchanga kutoka karakana moja hadi nyingine. Haikukusudia kuliuza. Wageni waliokuja kiwandani kwa shughuli nyingine waliliona, wakaomba nao watengenezewe. Hivyo kitu kilichokuwa msaada wa nyumbani kikawa biashara.

Kuchukua mzigo ni jambo moja, na kuuinua ni jambo jingine. Mwaka 1923 kampuni ya Yale ilitoa gari la umeme lenye meno ya kuinua mzigo kutoka chini na mlingoti uliorefuka kupita kimo cha gari lenyewe. Wanaoandika historia ya mashine hizi wengi huliita gari hilo foklifti ya kwanza.

Hapa nakuomba utulie kidogo, kwa maana umbo lile la kwanza ndilo linalotumika zaidi mpaka leo, na hila yake ni nzuri kuijua. Umewahi kuwaona watoto wawili wakipanda ubao uliowekwa juu ya gogo, mmoja huku na mmoja kule. Foklifti ya mizani ni ubao huo. Gogo ni magurudumu ya mbele. Mzigo ulio juu ya meno ni mtoto wa upande mmoja. Na mtoto wa upande wa pili ni pande kubwa la chuma lililotiwa makusudi nyuma ya gari. Kwa hiyo usishangae kusikia kwamba gari lililoandikwa kuinua tani mbili lenyewe lina uzito wa tani tatu na zaidi. Uzito ule si anasa. Bila huo, gari lingepiga magoti mbele ya mzigo wake.

Katika mizani, umbali una nguvu sawa na uzito. Kilo 2,000 zilizokaa karibu na mlingoti huchukulika. Kilo zile zile zikikaa nchani mwa meno zaweza kulipindua gari. Ndiyo sababu kila foklifti ina kibao cha chuma kinachoeleza si uzito peke yake, bali na umbali wa kitovu cha mzigo kutoka kwenye meno, aghalabu milimita 500. Dereva asiyesoma kibao hicho husoma somo lile lile kwa njia nyingine. Tena gari hili hugeuzwa kwa magurudumu ya nyuma, si ya mbele kama motokaa. Hivyo huweza kujizungusha mahali padogo, lakini linapokata kona, mkia wake hutupwa nje kwa ghafula. Watu wengi waliogongwa na foklifti walikuwa wamesimama ubavuni mwake, wakidhani wako salama kwa kuwa uso wa gari ulielekea kwingine.

Na ule mlingoti? Ni fremu mbili, moja ndani ya nyingine. Mafuta yanaposukumwa katika silinda, fremu ya ndani hupanda. Juu yake pana kipuli, na juu ya kipuli umepita mnyororo. Ncha moja ya mnyororo imefungwa kwenye kitu kisichosogea, ncha ya pili kwenye meno. Kwa mpango huo, fremu ikipanda mita moja, meno hupanda mita mbili. Mwanafunzi wa fizikia ataniambia kwamba hakuna cha bure, na kwamba silinda hulipa kwa kubeba mara mbili ya uzito. Ni kweli, lakini silinda hailalamiki.

Lakini foklifti peke yake haifai kitu. Nipe mashine bora ya dunia, kisha niwekee mbele yake magunia 30 yaliyotupwa sakafuni. Meno yatayatoboa, ama yatayasukuma ukutani. Ili mashine ipate kazi, magunia yale lazima yapangwe juu ya kitu chenye uwazi chini yake, meno yapate kupenya. Kitu hicho ni paleti, yaani mbao chache zilizopigiliwa juu ya vipande vingine vya mti. Hakuna kifaa duni zaidi katika ghala zima. Hakiendi, hakina injini, na kikivunjika huchomwa kuni. Hata hivyo mimi nakiona kuwa ndicho mkuu wa nyumba na foklifti ni mtumishi wake. Mwaka 1931 jarida moja la mambo ya reli la Marekani lilieleza kwamba kushusha behewa lenye makasha 13,000 ya vyakula vya makopo, moja moja kwa mikono, kulichukua siku tatu. Makasha hayo hayo yalipokuja yamepangwa juu ya paleti, kazi ilikwisha kwa saa nne. Mashine zilikuwapo tangu miaka ya nyuma. Kilichozigeuza siku tatu kuwa saa nne ni ubao.

Ndiyo maana hatua zilizofuata zilikwenda pamoja, ubao na gari. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Mmarekani George Raymond na mwenzake walipata hataza ya paleti iliyobuniwa ifuatane na kitoroli cha kuinua kwa nguvu ya mafuta. Jamaa wa kitoroli hicho umewaona hata katika maduka makubwa ya miji yetu: hakina injini, kina mpini mrefu, mtu hupiga mpini juu na chini kama anayevuta maji ya pampu, na paleti yenye tani mbili hunyanyuka sentimita chache kutoka sakafuni, ikavutwa. Hakiwezi kupanga mzigo juu ya mzigo. Kwa kazi ya kutoka mlangoni hadi rafu, lakini, sijaona kifaa kinachotoa zaidi kwa kugharimu kidogo.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyofanya mambo haya kuwa ya dunia nzima. Jeshi la Marekani lilikuwa na maghala kila pembe ya bahari, na adui yake mmoja alikuwa muda. Risasi, unga, na vipuri vilipangwa juu ya paleti tangu kiwandani, vikainuliwa na foklifti hadi pwani ya vita. Betri zikatengenezwa ziweze kufanya kazi zamu nzima ya saa nane. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wamarekani waliondoka Australia wakaacha nyuma mashine na paleti nyingi. Serikali ya huko haikuzitupa. Ilizikusanya katika hazina moja ya vifaa vya bandarini na ghalani, ambavyo watu walikodi na kurudisha. Na mwaka 1958 hazina hiyo ikauzwa kwa kampuni ya Brambles. Paleti ya Australia mpaka leo ina kipimo chake yenyewe, milimita 1,165 kila upande. Ulaya ilichagua kingine: mwaka 1961 mashirika ya reli yalikubaliana kuhusu paleti ya milimita 800 kwa 1,200. Utaona kwamba hata ubao, ukishakuwa na kazi kubwa, hutaka sheria za mataifa.

Amani ilileta dhiki mpya. Watu walirudi kutoka vitani, lakini sasa bidhaa zilijaa, na ardhi ya mijini ikawa ghali. Ghala lililoshindwa kutanuka kwa upana lilirefuka kwenda juu. Sasa ikumbuke ile foklifti ya mizani, na mkia wake mrefu wa chuma. Ili igeuke na kuielekea rafu, yataka njia ya mita tatu na nusu au zaidi. Mwenye ghala akatazama njia zake akaona kwamba analipa kodi ya sakafu kwa ajili ya hewa tupu. Basi katika miaka ya 1950 waundaji, kina Raymond huko Marekani na kampuni ya Lansing Bagnall ya Basingstoke huko Uingereza, walitoa umbo jingine. Badala ya kuweka uzito nyuma, walilipa gari miguu miwili inayotangulia mbele chini, kama mtu anayetanua miguu ili asianguke. Mlingoti ulisogea katikati ya miguu hiyo. Ulinyooka mbele kuchukua paleti, kisha ukajirudisha ndani pamoja na mzigo. Gari likawa fupi, na njia ikapungua hadi karibu mita tatu. Mashine za namna hiyo leo hufikisha mzigo kimo cha mita 10 na kupita. Dereva wake huketi ubavu, ili aone mbele na nyuma kwa kugeuza shingo tu.

Dhiki ya nafasi ilipozidi, zikaja mashine za njia nyembamba kabisa, za kiasi cha mita 1.6 hadi 1.8, ambazo gari lenyewe haligeuki hata kidogo. Meno ndiyo yanayogeuka kulia na kushoto. Nyingine humwinua dereva pamoja na meno, ili achague kwa mkono wake kasha moja la dawa au jozi moja ya viatu kutoka rafu ya juu, bila kuishusha paleti nzima. Sitakawia juu ya zile za mizigo yenye tabia ya pekee. Mbao ndefu na mabomba huchukuliwa na gari lenye meno ubavuni, kwa kuwa fimbo ndefu haipiti mlangoni kwa upana wake. Robota la pamba na mabunda makubwa ya karatasi hayahitaji paleti. Meno huondolewa, na mahali pake hutiwa mikono miwili ya kukumbatia.

Kuhusu chakula cha mashine hizi, jambo moja yapasa ulijue. Injini ya petroli au ya dizeli ina nguvu na haichoki, lakini moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na ndani ya ghala lililofungwa huweza kuua. Kwa hiyo dizeli huachiwa uwanja wa nje, na ndani ya maghala ya vyakula na madawa hutumika umeme. Betri za risasi ni nzito mno, na hapo ndipo nilipopenda akili ya waundaji: uzito ule, ambao katika motokaa ungekuwa hasara, katika foklifti ya mizani hufanya kazi ya lile pande la chuma la nyuma. Siku hizi betri za lithiamu zinachukua nafasi ya zile za risasi, kwa kuwa hujazwa upesi.

Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Mwenye shauri hilo alikuwa Malcom McLean, mtu wa malori. Kontena lilifanya kwa paleti kile ambacho paleti ilifanya kwa gunia. Mashine nayo ikakua: leo bandarini utaona magari ya mkono mrefu yanayoinua kontena lenye tani 30 na kulipandisha juu ya mengine, na tairi zake zakaribia kimo cha mtu.

Je, ule mgongo tuliouanzia ulikuwaje? Mombasa ilipata gati za kwanza za maji marefu huko Kilindini mwaka 1926. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa kwa matishari. Gati zilileta kreni, lakini kati ya kreni na ghala alibaki mtu. Wengi walikuwa vibarua wa siku, walioajiriwa asubuhi na kuachwa jioni. Januari 1947 waligoma pamoja na maelfu ya wafanyakazi wengine wa mji, na Machi 1955 wapakuzi wakagoma tena. Tom Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 24 na kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alishuka Mombasa kusaidia mapatano. Usuluhishi uliofuata uliwapa nyongeza ya ujira ya asilimia 33. Katika miaka hiyo hiyo wapakuzi walianza kuandikishwa, wasiokotwe tena langoni. Ilikuwa haki yao, na walikuwa wameingoja kwa muda mrefu. Lakini kumbuka nilivyosema hapo mwanzo: mgongo unapopata thamani yake, mwenye ghala huanza kutazama bei ya mashine.

Wapakuzi wa pwani ya magharibi ya Marekani waliliona jambo hilo mapema. Chama chao, chini ya Harry Bridges, kilikuwa kimezipinga mashine kwa miaka mingi. Mwaka 1960 kilifanya mkataba na waajiri: mashine ziingie bila kizuizi, lakini waajiri watie fedha katika mfuko, takriban dola milioni 5 kwa mwaka, za kuwalipa wazee wastaafu mapema na kuwadhaminia ujira waliobaki. Walioandikishwa walinufaika sana. Vijana ambao wangeandikishwa baadaye hawakuwamo mezani, na mkataba haukuwasemea. Wako wanaousifu mkataba ule na wako wanaoulaumu mpaka leo. Mimi nawasifu kwa swali waliloliuliza, yaani faida ya saa nne badala ya siku tatu ni ya nani, ingawa jibu walilopata halikuwatosha wote.

Ukipita leo katika mitaa ya maghala karibu na Kilindini, utaiona foklifti ndani na mkokoteni nje, kila mmoja na kazi yake. Utaona pia jambo linaloweza kukushangaza. Kontena lililovuka bahari kwa kreni na magari ya mamilioni ya shilingi hufunguliwa mlango, na ndani yake makasha yamejazwa moja moja kutoka sakafu hadi dari, bila paleti hata moja. Msafirishaji alifanya hesabu yake: mbao zingekula nafasi, na nafasi ya melini ni fedha. Dereva wa foklifti hutazama, akazima mashine yake, akaketi. Kisha huitwa vijana sita walio kivulini, wakavua mashati, wakaingia ndani ya lile joto la bati kuyatoa makasha kwa mikono, wakiyapanga juu ya paleti iliyowekwa mlangoni. Na paleti ikishajaa, dereva huwasha tena.